Mtoto wa Kumi na Nne

Katika wodi ya wazazi alikofanya kazi Justa Luhende, wanawake walimjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Sauti yake ilipenya mapazia na milango: "Sukuma, mama! Sukuma tena!" Mdogo wake Alexander alipenda kusema kwamba dada yake ndiye Msukuma pekee anayelipwa mshahara kwa kutaja kabila lake kutwa nzima. Justa alicheka kila mara. Alexander alimchekesha tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Justa mwenyewe.

Mama yao, Kashindye, alifariki siku aliyozaliwa Alexander, kijijini kwao upande wa Magu. Justa alikuwa msichana wa darasa la tatu. Bibi yao alimlea mtoto kwa maziwa ya ng'ombe, na Justa akaacha shule kwa mwaka mzima akimbeba, akimwosha, akimtembeza uani usiku na mchana alipolia. Mpaka anaanza shule, Alexander alikuwa akimwita "mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Wenzake walipomcheka ndipo akabadili, akaanza kusema "dada."

Kuhusu mama mwenyewe hakuuliza hata siku moja. Nyumbani kwa Mzee Luhende jina la Kashindye halikutajwa. Hakuna aliyelikataza, ila hakuna aliyeanza. Baba yao alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba, na maneno yake machache aliyatumia kuhimiza kazi. Justa, aliyekuwepo siku ile na kuona kila kitu, alingoja aulizwe. Miaka ikaenda. Yeye akawa mkunga, mdogo wake akawa fundi wa marumaru, wakahamia Mwanza mjini wote wawili, Justa akikaa Butimba na Alexander Igoma. Ukimya ule wakauzoea kama watu wa Mwanza walivyozoea jiwe kubwa lililokaa katikati ya kiwanja: hulivunji, unajenga kandokando yake.

Ugonjwa ulipokuja, ulijifanya uchovu. Alexander alikuwa akipandisha maboksi ya marumaru kwenye ghorofa moja huko Nyegezi, akajikuta amekaa ngazini, pumzi imemkatika, na mafundi wenzake wamemzunguka.

"Ni uzee tu," alimwambia dada yake jioni ile.

"Uzee gani? Lete mkono."

Justa akashika kiganja chake, akatulia akihesabu mapigo, na hakupenda alichokisikia vidoleni. Vipimo vilionyesha vali ya moyo iliyoharibika, huenda tangu zile homa za viungo alizougua utotoni. Baada ya kwenda na kurudi hospitalini kwa miezi, ikaamuliwa apelekwe Delhi, India, akafanyiwe upasuaji. Mkewe Winnie alikuwa na mtoto anayenyonya. Ukoo ulipokaa kikao cha kutafuta nani wa kumsindikiza, hata hakukuwa na mjadala. Wote walimgeukia Justa.

Upasuaji ulikwenda salama. Madaktari wakasema mgonjwa asipande ndege upesi, abaki mjini wiki kadhaa wamwangalie. Wakapanga chumba ghorofa ya tatu, mtaa uliojaa wagonjwa kutoka Afrika na ndugu zao. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, mpole, asiyekula nyama wala samaki. Siku Justa alipokaanga dagaa aliowafungasha kutoka Mwanza, yule mama alipanda ngazi, akasimama mlangoni ameziba pua kwa ncha ya mtandio, akauliza kwa adabu sana ni mnyama gani aliyefia humo ndani.

Alexander alicheka mpaka akalazimika kukumbatia mto kifuani, kama alivyofundishwa hospitalini, ili mshono usimuume. "Dada, usinichekeshe. Nitafumuka."

"Sijasema kitu mimi. Amesema yeye."

Tangu siku hiyo walikula dengu pamoja na yule mama, na yeye ndiye aliyewaelekeza mahali pa kutembea. Daktari alimtaka Alexander atembee kila asubuhi, lakini barabara za pale hazikuwa za mtu mwenye kifua kilichoshonwa. Pikipiki zilipita hadi mlangoni kwa watu. Mama mwenye nyumba akawaambia waende kwenye bustani ya kaburi la Humayun. Kuna kivuli, alisema, na njia zake zimenyooka.

Walidhani wanakwenda makaburini. Wakakuta jengo la mawe mekundu lililonakshiwa kwa marumaru nyeupe, lina kuba kubwa juu, limekaa katikati ya bustani iliyogawanywa kwa mifereji ya maji. Alexander alilitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa aliyeingia akitembea mwenyewe. Akasogea polepole hadi ukutani, akapitisha ukucha wa kidole gumba mahali jiwe jekundu lilipokutana na jeupe.

"Ukucha hauingii," alisema.

Justa alisoma kibao cha maelezo. Huyo Humayun alikuwa mfalme wa pili katika ukoo wa Kimughal, uliotawala nchi ile karne nyingi zilizopita. Alipokufa, kaburi hili lilijengwa kwa amri ya mjane wake.

"Mjane wake?"

"Ndivyo walivyoandika. Mkewe ndiye aliyesimamia."

Alexander akatikisa kichwa. "Winnie angenijengea banda la kuku."

"Basi shukuru hujampa nafasi," Justa alijibu, ingawa nafasi ilikuwa imekaribia kupatikana.

Wakawa wanakwenda pale mara kwa mara. Kila siku Alexander alitembea mbele kidogo kuliko jana, na kila siku aliona kitu kipya: mfereji ulioelekezwa vizuri, ua la jiwe, dirisha la mawe lililotobolewa mithili ya kitambaa cha kufuma. Rangi ikaanza kumrudia midomoni. Halafu siku moja, wakila dengu, mama mwenye nyumba akasema kwamba hicho wanachokisifia ni kidogo. Waende Agra wakaone Taj Mahal, ambalo mfalme mwingine wa ukoo ule ule alimjengea mkewe aliyefariki akijifungua.

Aliyasema hayo kwa Kiingereza, na Alexander, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vifaa vya ujenzi, alidaka "Taj Mahal" tu.

"Dada! Nimefika India nirudi Mwanza bila kuiona Taj Mahal? Mafundi wenzangu watanifukuza kazini."

"Ni mbali. Daktari hatakubali."

Daktari alikubali. Alisema gari likienda taratibu na mgonjwa akipumzika njiani, matembezi yatamfaa. Justa hakuwa na kisingizio kingine. Alikuwa ameingiwa na wasiwasi ambao hakuweza kumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe alijishangaa. Alikuwa amewasimamia mamia ya wanawake wakijifungua. Alikuwa ameosha maiti za baadhi yao. Sasa anaogopa kaburi la mke wa mfalme aliyekufa kabla hata mababu wa mababu zake hawajazaliwa.

Walifika Agra jua likiwa bado laini. Mlangoni walimpata mtu wa kuwaongoza, mzee mwenye masharubu meupe yaliyopinda juu na Kiingereza cha kasi. Wakapewa vifuko vya kitambaa vya kuvalia juu ya viatu, wakapita chini ya lango kubwa jekundu lenye aya za Kurani zilizochongwa pembeni, na ndani ya giza la lango lile ndipo Alexander akasimama.

Mbele yake, upande wa pili wa bustani, lilikuwa jengo jeupe. Picha zake alishaziona kwenye kalenda za maduka ya Wahindi mjini Mwanza, lakini picha hazisemi ukubwa. Watu walimpita kushoto na kulia. Mmoja alimgonga begani na Justa akanyoosha mkono haraka kumkinga kifua.

"Walipima na nini hawa?" Alexander alinong'ona. "Pima maji hawakuwa nazo kama zetu. Dada, tazama ile minara. Tazama mistari yake."

Wakakaa kwenye benchi bustanini ili apumzike, na mzee wa masharubu akaanza kusimulia. Justa akawa mkalimani. Alisema mfalme aliitwa Shah Jahan. Mkewe aliitwa Mumtaz Mahal, na alimpenda kupita wake zake wengine wote. Hawakuachana; hata mfalme alipokwenda vitani, yule mama alikwenda naye. Na huko kambini, mbali sana na Agra, alifariki. Mfalme akaagiza marumaru kutoka mbali na mafundi kutoka kila upande, na kazi ikachukua zaidi ya miaka ishirini.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?" Alexander aliuliza.

"Aliugua tu," Justa akajibu.

Lakini yule mzee alikuwa hajamaliza. Hakujua Kiswahili, hakujua kilichorukwa. Aliinua mikono yake miwili, akaikunja kifuani, akaibembeleza huku na huku, halafu akaonyesha vidole kumi na vidole vinne, uso wake umejaa huzuni ya mtu aliyezoea kusimulia habari ile.

Alexander alimtazama mzee, kisha akamgeukia dada yake. "Mbona anabembeleza mtoto?"

Justa alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Alikufa akijifungua. Mtoto wa kumi na nne."

Alexander akainuka peke yake, na wakaelekea kaburini.

Ndani kulikuwa na ubaridi na mwangwi. Sauti za watu zilipanda kubani zikarudi zikiwa zimechanganyika kama mngurumo mmoja. Kaburi la Mumtaz lilikuwa katikati kabisa, dogo, limezungukwa na ua wa marumaru iliyotobolewa, na la mumewe lilikuwa pembeni yake, kubwa zaidi, kama mtu aliyesogezewa kiti baada ya watu kuwa wamekwisha kukaa. Mzee wa masharubu aliwasha kurunzi ndogo, akaiweka ukutani juu ya ua jekundu la jiwe, na lile ua likawaka kama kaa la moto. Siku nyingine Alexander angeuliza maswali mia moja juu ya jiwe lile. Aliangalia tu, mikono mfukoni.

Walipotoka nje, upande wa mtoni, alimshika Justa mkono. "Muulize huyu mzee. Mtoto je?"

"Mtoto gani?"

"Huyo wa kumi na nne. Alikufa naye?"

Justa akatafsiri. Yule mzee akavuta masharubu yake, akacheka kidogo kwa mshangao. Alisema watu humuuliza mafundi walikuwa wangapi, kazi ilichukua muda gani, na kama kweli mfalme aliwakata mafundi mikono, jambo ambalo yeye haliamini. Habari za mtoto yule huulizwa mara chache. Alikuwa wa kike, alisema. Aliitwa Gauhar Ara, na aliishi. Aliishi maisha marefu, akapita miaka sabini.

"Na kaburi lake liko wapi?"

Justa aliuliza. "Anasema hana uhakika."

"Baba yake alimpenda?"

Swali hilo Justa alilitafsiri kwa sauti ya chini. Mzee akafikiri, akafungua viganja vyake. Hakujua. Alisema vitabu alivyosoma vinamtaja mtoto yule kwa mstari mmoja au miwili, kisha vinarudi kwa mfalme.

Alexander akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilolitarajia.

Kutoka hapo walipelekwa kwenye ngome ya Agra, kasri la wafalme wale wale, lenye kuta nyekundu ndefu kama za gereza. Njia yake ya kuingilia inapanda, na Justa alimlazimisha mdogo wake apumzike kila baada ya hatua chache. Juu kabisa wakafika kwenye vyumba vya marumaru vinavyotazama mto Yamuna. Kutoka kwenye kibaraza cha pale, mbali, ng'ambo ya mpindo wa mto, Taj Mahal ilionekana ndogo kama kikombe kilichofunikwa.

Mzee akasimulia mara ya mwisho. Mfalme Shah Jahan alipozeeka, mwanawe alimpindua na kumfungia humu kasrini. Hapa ndipo alipoishi miaka yake ya mwisho akilitazama kaburi la mkewe kwa mbali. Na aliyebaki naye, akamuuguza mpaka kufa, ni binti yake mkubwa, Jahanara. Binti huyo alikuwepo mama yake alipofariki. Alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu siku ile ndiye aliyebeba nyumba.

Justa alitafsiri mpaka akafika kwenye neno "nyumba," akageukia mto.

"Huyo ni wewe," Alexander alisema.

Mzee wa masharubu aliwatazama wote wawili, akasema anakwenda kunywa chai, wakiwa tayari watamkuta langoni. Alikuwa mtu mwelewa.

Wakakaa kwenye kizingiti cha jiwe, kwenye kivuli. Mlinzi mmoja alikuwa akipuliza filimbi kuwazuia vijana waliotaka kupanda juu ya ukuta ili wapige picha.

"Dada. Mimi ndiye niliyemuua mama?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia njia. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye watoto wanne. Justa aliwahi kusikia mambo mengi katika kazi yake, lakini swali lile, kwa sauti ile, lilimfanya ashike ukingo wa jiwe alilokalia.

"Hapana."

"Mimi siku zote nimejua hivyo. Baba haniangalii usoni. Sikukuu ya kuzaliwa sijawahi kuwa nayo. Hata pale hospitalini, wananilaza kabla ya upasuaji, nilisema moyoni, nikifa ngoma imekwisha, hatudaiani mimi na mama."

"Alexander, nyamaza unisikilize. Mimi nilikuwepo."

Akamsimulia. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Mama alijifungua nyumbani, bibi na jirani mmoja wakimsaidia, na mtoto alitoka vizuri, analia kwa nguvu. Tatizo lilikuwa kondo la nyuma. Lilitoka kipande, kingine kikabaki, na damu haikukata. Hakuna mtu pale aliyejua la kufanya. Baba akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza mama juu ya majani makavu, wakamfunika turubai la pamba. Justa akapanda naye akiwa amempakata mtoto. Baba alitembea mbele kwenye tope bila viatu akiwapigia ng'ombe kelele.

"Sijamsikia baba akipiga kelele vile tena maishani. Nadhani sauti yake yote aliimaliza njia ile."

Walifika mtoni wakakuta mto umejaa, hakuna njia ya kuvuka kwenda zahanati. Wakangoja. Chini ya turubai mama akafumbua macho.

"Akaniambia, 'Nipe nimwone.' Nikakufunua. Akakuangalia, akashika vidole vyako kimoja kimoja. Akasema, 'Huyu ana vidole virefu.' Akacheka, Alexander. Alikuwa hana nguvu lakini alicheka. Kisha akaniambia, 'Mfunike kichwa, mvua.' Halafu akakuchukua akakunyonyesha."

Alexander aligeuka kumtazama.

"Alininyonyesha?"

"Muda mrefu. Ulinyonya kama mwenye njaa ya mwaka. Na sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Nilipokwenda kusomea ukunga, mwalimu alitufundisha kwamba mtoto akizaliwa anyonyeshwe upesi. Akauliza darasa, kwa nini? Akasema, mtoto akinyonya, mji wa mimba unakaza, na damu inapungua. Nikatoka darasani. Nikaenda nyuma kwenye kamba za nguo, nikalia mpaka wenzangu wakaja kunitafuta." Justa alikamata mkono wa mdogo wake, ule wenye sugu za saruji. "Ulikuwa na saa chache tu duniani na wewe peke yako kwenye ule mkokoteni ndiye uliyekuwa unamtibu. Bibi hakujua, baba hakujua, mimi sikujua. Wewe ulikuwa unamsaidia. Haikutosha, ila ulimsaidia. Alifariki ukiwa kifuani mwake. Ni mimi niliyekutoa."

Filimbi ya mlinzi ililia tena. Alexander aliweka kiganja chake juu ya mshono, akakibakiza hapo. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta, na Justa hakumwambia anyamaze. Watalii waliwapita, wengine wakidhani ni mume na mke waliosikitishwa na habari za mfalme.

Hatimaye Alexander akauliza, "Mama alikuwa mrefu?"

"Mrefu kunishinda."

"Mweusi?"

"Kama wewe."

"Aliimba?"

"Kutwa. Tena vibaya." Alexander akacheka, akashika kifua, na katika njia yote ya kurudi Delhi hakuacha kuuliza. Alikuwa anapenda chakula gani. Aligombana na nani. Alimwitaje baba. Justa alijibu mpaka sauti ikakauka, na baadhi ya majibu alikuwa hajayawaza kwa miaka, yakamjia yakiwa mazima kana kwamba yalikuwa yamewekwa kabatini.

Walirudi Mwanza mwezi uliofuata. Alexander alikuwa bado haruhusiwi kubeba kitu kizito, lakini hakutaka kungoja. Jumapili ya pili wakaenda Magu kumwona baba.

Mzee Luhende alikuwa zizini akimtazama ndama aliyeumia mguu. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu na hasira zake hazijapungua. Alipoingia ndani na kuketi, alitaka kuona kovu. Alexander akafungua vifungo vya shati. Mzee akalitazama lile kovu refu, akalipitishia kidole bila kuligusa.

"Walikupasua kama mbuzi."

"Ndiyo, baba."

"Na mkawa mnatembea huko, dada yako aliniambia kwenye simu. Makasri."

Alexander akamweleza habari za Shah Jahan, kwa sauti kubwa ili asikie. Akamweleza marumaru, kuba, mto, na mtoto wa kumi na nne. Alipofika hapo hakuzunguka. Akasema dada amemsimulia habari za mkokoteni, zote.

Justa alikuwa kando ya mlango, akimwangalia baba yao. Mzee akatazama mikono yake, akatazama nje kulikokuwa na ndama.

"Huyo mfalme," akasema mwishowe, "alioa mwingine?"

"Alikuwa na wake wengine, baba. Hata kabla."

"Mimi sikuwa na mwingine." Akakohoa. "Watu walisema nioe, watoto wapate mtu wa kuwapikia. Nikasema bibi yao yupo."

Halafu akaanza kusema, na Justa akagundua kwamba hii haikuwa habari aliyoijua yeye. Ilikuwa ya zamani zaidi. Baada ya mavuno, alisema, vikundi vya ngoma vilishindana, Bagalu upande mmoja na Bagika upande wa pili, na kila upande uliutungia mwenzake nyimbo za matusi. Yeye alikuwa mchezaji wa Bagalu. Kwao Kashindye walikuwa Bagika. Siku hiyo alikuwa akicheza mbele ya watu wote, amejipamba, anajiona, na msichana mmoja mrefu upande wa pili akapaza sauti peke yake akaimba kwamba yule kijana wa Bagalu anacheza kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

"Aliimba vibaya!" mzee akasema kwa hasira iliyokuwa mbichi kabisa. "Sauti kama ya punda. Na watu wote wakamwitikia."

Alexander alianza kucheka. Mzee akamtazama, akamtazama usoni hasa, na midomo yake ikaanza kutetemeka, Justa asijue kama ni kilio au kicheko mpaka kicheko kilipotoka.

"Ukafanyaje, baba?" Alexander aliuliza.

"Ningefanyaje? Kesho yake nikaenda kwao kumshitaki."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yake. Nikamkuta yeye mwenyewe mlangoni, anapepeta mtama. Akaniuliza nataka nini." Mzee akasogeza kigoda chake karibu na cha mwanawe ili asiwe anapiga kelele. "Sasa ngoja nikwambie alichoniambia..."

Justa akainuka kimya kimya, akaenda jikoni kutenga chakula, akauacha mlango wazi.